Macho ya Masera

Simu ya kuniambia Tonto Anselme ameaga dunia ilinikuta chini ya gari, hapa Area 25 ya Lilongwe, mgongo kwenye kartoni na grisi mpaka kwenye nyusi. Gari lenyewe ni kamionete ya zamani, mlango mmoja wa kijani na mwingine wa rangi isiyo na jina. Vitesi yake, yaani gia, inatokea kwenye shingo ya usukani, na ukitaka kioo cha dirisha kipande unakisukuma kwa viganja viwili. Watoto wangu wanaona haya nikiwapeleka nalo kanisani. "Mama, nunua gari kama za watu," wananiambia, na mimi nawajibu kwamba gari linalowaka mara moja halina adabu, linakuzoesha vibaya. Ukweli ni kwamba nayapenda haya makuukuu. Nikiona mahali pameegeshwa kigari cha mizigo chenye pua ndefu, au pickup ndogo iliyokunjamana kama kitenge cha jana, nasimama, nazunguka, nachungulia dirishani kama mwizi. Ugonjwa huo niliupata mwaka mmoja tu, kwa mtu mmoja, na sasa mwenyewe amelala. Nilifuta mikono, nikajifunga kitenge, nikaiwasha kamionete kwa kubembeleza, nikashika njia ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi.

Pale kilioni nilikaa mkekani na akina mama. Nje, kwenye mabenchi, vijana walikuwa wanasimuliana. Nikasikia mmoja anasema, "Ule muzee alikuwaka naendesha gari bila kuona. Kipofu kabisa! Kulikuwa kasichana pembeni, njo kalikuwa kanamuambia: pita, usipite." Wakacheka, hata mmoja akapiga benchi kwa mkono. Damu ilinipanda. Nilitaka kutoka niwafundishe adabu pale pale, mbele ya maiti. Mama Speransi, mjane wake, alinishika goti. "Baache tu, Odeta," akanong'ona. "Banasema bile basikiaka ku bantu." Nikakaa, lakini tangu siku hiyo moyo haujatulia. Kama habari itasemwa, basi niiseme mimi, maana kale kasichana ka pembeni nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za ukoo wangu siziweki hapa, zina mahali pake. Inatosha kusema nilifika kambini peke yangu, na Tonto Anselme, mjomba wa heshima tu, na Mama Speransi, watu wa kwetu Burundi, wakanipa chumba. Chumba ni neno kubwa. Kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, misumari miwili ya kutundikia nguo, na ukuta wa matofali mabichi ambao haukufika kwenye mabati, kwa hiyo kila kilichosemwa upande wao kilivuka juu na kushuka kwangu: kikohozi, sala, ugomvi wa chumvi. Mwaka ule sikuweza kukaa. Watu wengine walikuwa wamejifunza kungoja, wanashona, wanauza nyanya mafungu mafungu, wanaimba kwaya, na siku inakwisha. Mimi miguu ilikuwa inaniwasha. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo, natembea mpaka mwisho wa nyumba, narudi, naosha sufuria safi, nagombana na mtu kwenye foleni ya maji bila sababu. Mama Speransi alikuwa ananiangalia anatikisa kichwa. "We mutoto, unatafuta nini?" ananiuliza. Ningejua ningemwambia. Nilichojua ni kwamba kulikuwa na kitu kimoja tu nyumbani pale kilichotoka na kurudi, na kilikuwa kimeegeshwa nyuma ya choo, kimefunikwa hema bovu.

Tulikiita Masera, kwa sababu kwetu kilikuwa gari la watawa, na Tonto alikuwa shofere wao. Vita vilipochanganya kila mtu, masera wenyewe walimwambia alichukue gari, aokoe alioweza kuokoa. Likavuka Tanzania nzima na vumbi lake, likafika, na sasa lilikuwa linabeba abiria kati ya kambi na Lilongwe. Lilikuwa gari la Kifaransa la kubebea mizigo, la zamani sana, mwili wake wa mabati yenye mikunjo mikunjo kama paa la nyumba, bila dirisha hata moja nyuma. Pua ilitokeza mbele fupi na pana, Wamalawi wakaliita nkhumba, nguruwe. Taa moja ilikuwa yake ya kuzaliwa, nyingine ilitoka kwenye pikipiki, kwa hiyo lilikuwa linakutazama kama mtu anayekukonyeza. Moteri haikuwa nje kama magari mengine. Ilikaa na sisi ndani, katikati ya viti viwili vya mbele, chini ya kifuniko cha bati, na miezi ya baridi watu walikuwa wanagombania kuketi karibu. Mama Speransi alikuwa anafunga sufuria ya maharage kwa kitenge na kuiweka juu ya kifuniko hicho, tukifika Lilongwe bado yanatoa mvuke. Mpaka leo maharage yasiyonuka esansi, yaani petroli, kidogo naona yamepungukiwa.

Tonto alinifundisha Masera yote. Alinifundisha kuchuja esansi kwa kipande cha shati, kusafisha plagi kwa mswaki, kusikiliza moteri kwa kuweka fimbo kwenye bati na ncha nyingine sikioni. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, na mikono yake ilijua kila boliti mahali pake. Usukani tu ndio hakunipa. Mimi kazi yangu ilikuwa kiti cha kuume. Kwetu magari yanapita upande wa kuume, na shofere anakaa kushoto, karibu na katikati ya barabara, anaona mbele vizuri. Huku Malawi magari yanapita kushoto. Kwa hiyo Tonto, na usukani wake wa kushoto, alikuwa amekaa pembeni kabisa, kwenye majani, na akifika nyuma ya lori haoni kitu isipokuwa tako la lori. Lazima mtu mwingine awe kuume, atoe kichwa nje, amwambie.

"Odeta, kuko gari?"

"Iko moja, kamio ya mizigo. Ngoja kwanza."

"Na sasa?"

"Pita! Pita, Tonto, pita!"

Na Masera inanguruma, inapita, akina mama nyuma wanapiga vigelegele kama tumeoa. Mlango wa abiria nao ulikuwa kuume, unafungukia katikati ya barabara. Tukifika Area 25 au Area 23, natangulia kuruka, natanua mikono magari yasimame, ndipo abiria wanashuka na mizigo yao kichwani huku madereva wa minibasi wananitukana Kichewa chote. Nilikuwa nawajibu kwa Kirundi. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Abiria waliniita Macho ya Masera, na nilitembea kambini kifua mbele kama nimepewa cheo.

Asubuhi moja, bado giza halijaondoka vizuri, nikasikia sauti ya Mama Speransi ikivuka ukuta.

"Anselme, ile bido ya maji iko ku mulango iko ya rangi gani?"

"Ya manjano."

"Njo vile?"

"Bido zote humu kambi ni manjano, Speransi. Unaniuliza ma swali gani?"

"Hii ni ya bulu. Niliiazima ku jirani, juu nikupime."

Nilikuwa nimeshika kiatu kimoja, nikabaki nacho mkononi.

"Macho yako inaisha," akasema. "Na we unabeba bantu. Siku moja utabaua."

"Niko na Odeta."

"Odeta ni mutoto ya bantu! Si macho yako!"

"Sasa unataka nikae hapa niangalie ukuta?" Sauti ya Tonto ilikuwa imebadilika, ilikuwa ndogo. "Kama naacha volan, mi nitakuwa nani humu? Nitakaa ku mulango kama bido ingine."

Nilikaa kitandani. Mawe, mama yangu! Mambo yote yakajipanga. Kumbe ndiyo sababu alikuwa ananiuliza hata njia ikiwa tupu. Kumbe ndiyo sababu alikuwa anasema, "Niambie tukifika ku lami," kana kwamba ni mchezo. Niliogopa, nikawaza wale akina mama na watoto wao mgongoni. Na nyuma ya woga ule, niseme wazi, kulikuwa na woga mwingine uliokuwa wangu peke yangu: Tonto akiacha usukani, Masera italala chini ya hema, na mimi nitabaki humu ndani na miguu yangu inayowasha, nikiosha sufuria safi mpaka nizeeke. Siku hizi mtu akiniuliza kwa nini nilijifunza kuendesha, natoa majibu mazuri ya kanisani. Jibu lenyewe ni hilo.

Sikungoja chai. Nilimkuta anafuta pua ya Masera kwa kitambaa.

"Tonto, nipe volan. We ukae kuume, mi niendeshe."

Hakugeuka. "Nani amekuambia kitu?"

"Ukuta."

Akafuta mahali pale pale palipokwisha kung'aa. "We? Uendeshe Masera? Odeta, we uko na miguu ya moto. Hii gari inataka mutu wa kutulia."

"Kutulia na kuona, kipi kinapitisha gari?"

Nilimuumiza, nikaona. Lakini nikishikwa hasira mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia kwamba kuanzia siku ile sipandi tena, atafute mdomo mwingine wa kumwambia pita. Nikaondoka. Kwa muda mrefu Masera haikutoka nyuma ya choo, na watu wakaanza kuuliza, Masera anaumwa? Tonto alikula kwa upande wake, mimi kwa upande wangu, na Mama Speransi katikati anatugawia mboga ya sombe bila kutuangalia. Nilidhani nimeshinda. Nilidhani atakuja mwenyewe, aniwekee ufunguo mkononi.

Halafu ikafika Jumapili ya kwaya. Kwaya ya akina mama ilikuwa imealikwa kuimba kanisa moja la Area 23, walikuwa wameshona sare mpya, za zambarau, na Tonto alikuwa ameahidi kuwapeleka tangu zamani. Nilisikia moteri inakohoa. Kutoka nje, nakuta akina mama wamejaa nyuma, Mama Speransi naye ndani na sare yake, uso umefungwa, na Tonto amekaa kwenye usukani, kofia imevutwa chini, kiti cha kuume kitupu. Alikuwa anaondoka hivyo hivyo! Mama Speransi alinitazama tu. Nikatukana, nikakimbia, nikaruka ndani. Tonto hakusema asante. Alisema, "Funga mulango vizuri."

Kwenda tulifika salama, mimi nasema, yeye anafuata. Waliimba vizuri mpaka mchungaji akalia. Tukapewa nsima, ugali wa huku, na kuku, wali kidogo, soda ya machungwa, na Tonto akakaa na wazee akaulizwa habari za gari lake, akaeleza, akacheka. Nilimuona akicheka na hasira yangu ikalegea. Mvua ya mchana ikapiga, ikapita. Wakati wa kurudi tulikata mjini, na baada ya Area 25 tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Tulipotoka pale barabara ilikuwa imeoshwa, nyeusi, tupu kabisa, kila mtu yuko kwake anapumzika Jumapili. Akina mama nyuma walikuwa wameshiba, wakaanza nyimbo za kwetu, zile za Kirundi za zamani ambazo mtu anaimba bila kufikiri. Bati lote la Masera likawa linaitikia.

Siwezi kuieleza vizuri ile nusu saa. Nilitulia. Mimi! Nilikuwa nimeweka kiwiko dirishani na majani marefu ya kando yanapita karibu, karibu mpaka ningeweza kuyachuma, na harufu ya udongo uliolowa inaingia. Tonto alikuwa anasimulia barabara ya kando ya ziwa, kule kwetu, alivyokuwa anawapeleka masera kununua ndagala, dagaa wa kwetu, na masista wazee wanamwambia, Anselme, polepole, bado hatujaungama. Alikuwa hajaniuliza kitu muda mrefu. Mbele kulikuwa na ng'ombe wawili katikati ya lami, akapiga honi, akawazunguka mwenyewe.

"Umeona?" akasema, anatabasamu. "Leo sijakuuliza. Leo niko naona vizuri."

"Ni kweli, Tonto."

Na niliona ni kweli. Nikafurahi kwa ajili yake. Nikawaza, labda Mama Speransi amezidisha, labda ni ile bido tu.

Lori lilitokea kwenye mpando, limebeba tumbaku, linakuja moja kwa moja kwetu, taa zinawaka mchana. "Huyu mwehu!" nikapiga kelele. "Tonto, huyu anakuja upande wetu!" Tonto akapiga honi. "Mulevi!" akasema. "Aende upande wake!" Hata sekunde ile, na lori linakua mbele ya macho yangu, sote wawili tulikuwa na hakika kabisa kwamba mwenye makosa ni lile lori. Nilijitupa juu ya kifuniko cha moteri, nikashika usukani kwa mikono miwili nikauvuta kwangu. Masera ikaacha lami, ikala majani, ikaingia mtaroni na kusimama imeinama, na lori likapita na upepo wake. Wimbo ulikuwa umekatika. Kitu cha kwanza nilichosikia ni sufuria ikibingirika.

Hakufa mtu. Sare za zambarau zilijaa matope, mama mmoja alijigonga mdomo, Mama Speransi alikuwa na uvimbe juu ya jicho. Dereva wa lori alisimama mbali, akarudi kwa miguu. Aliangalia matairi yetu, akaangalia usukani wetu, akaelewa. "Kumanzere," akasema, ananyoosha kidole upande mwingine wa barabara. "Kumanzere, mayi. Kuno ndi kumanzere." Kushoto. Huku ni kushoto. Ndipo nilipogeuka nikaona mistari yetu ya matope inavyotoka kwenye lami, na upande tuliokuwa tunakwenda tangu kituo cha mafuta, tumestarehe, tunaimba. Tulikuwa tunaendesha kama kwetu, upande wa kuume. Nikakaa chini kwenye majani.

Akina mama wenyewe ndio waliolitoa gari. Walikunja sare, wakaingia mtaroni, dereva wa lori akasaidia, wakasukuma mpaka Masera ikapanda. Tonto hakuwa ameshuka. Alikuwa bado ameshika usukani. Ikawaka, ajabu yake, ikawaka mara ya kwanza. Akangoja kidogo, akaita, "Mupande!" Akapiga honi. Nyuma hapakuwa na sauti. Akaita tena, "Mumeisha kupanda?" Wote walikuwa wamesimama kando ya barabara, wamejipanga kama wako mbele ya kanisa, wanamtazama, na hakuna aliyenyanyua mguu. Mama Speransi alikuwa analia bila sauti.

Nilikwenda mlangoni kwake. Maneno makali yote niliyokuwa nayo yaliniisha. "Tonto," nikamwambia, "akuna mutu ndani."

"Akuna?"

"Bote bako inje. Banakuangalia."

Akazima moteri. Kisha akafungua mlango, akashuka, na badala ya kunipa ufunguo aliuacha mahali pake. Akaanza kuzunguka mbele ya gari kwenda upande wa pili. Aliweka mkono kwenye taa, akaweka mkono kwenye pua, akaifuata kwa vidole, mkunjo kwa mkunjo, mpaka akaupata mlango wa kuume. Njia fupi, na kila mtu aliiona. Alipanda, akakaa kwenye kiti changu, akarekebisha kofia. Mama Speransi alipanguza uso, akawa wa kwanza kuingia nyuma. Wengine wakamfuata.

Niliendesha. Kuangalia miguu ya mtu mwaka mzima ni jambo moja, kutumia ya kwako ni jambo lingine. Ilizimika, nikaiwasha, ikaruka kama chura, nyuma wakapiga kelele, "Yesu wangu!" Lakini ikaenda. Usukani ulikuwa mzito na unatetemeka mpaka mabegani, na mimi, na aibu ya siku ile yote, na uvimbe wa Mama Speransi, na yule mzee pembeni yangu, nilikuwa na furaha mpaka machozi yakanitoka. Nilikaa kushoto, kando kabisa, nikirudia kimoyomoyo kumanzere, kumanzere.

Kabla ya kukata njia ya vumbi inayoingia Dzaleka tulikuta ngolo mbele yetu, gari la ng'ombe limesheheni mabua mpaka juu, linakwenda mwendo wa ng'ombe. Nilijaribu kuchungulia. Kutoka kiti kile huoni kitu, ni mabua tu. Nilijua sasa. Nikasogea kidogo kulia, nikaogopa, nikarudi. Tonto alisikia moteri inavyopungua, akaelewa. Alishusha kioo, akavua kofia, akatoa kichwa chote nje, na bega, akanyoosha shingo kama nilivyokuwa nanyoosha mimi, akatazama mbele kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa unampiga machoni.

"Odeta," akasema, "mi sioni kitu."

Hakuwa amewahi kulisema, hata kwa mkewe. Nikamjibu kwamba si neno, hatuna haraka. Nikabaki nyuma ya ngolo, vitesi ya kwanza, na nyuma ya bati hakuna mama aliyenung'unika. Alikuwa amekwisha kusema haoni, lakini kichwa hakukirudisha ndani. Aliendelea kutazama hivyo, kofia mkononi, mpaka tulipoingia kambini.